Nani Anatuhesabu? Wasomi Weusi wa Kwanza na Elimu ya Maisha ya Watu

(Hotuba ya ndugu karani wa mgodi, iliyosomwa mbele ya wanachama na watu wa mji)



Wakubwa wa chama wameniomba niseme juu ya wasomi weusi wa kwanza waliochunguza maisha ya watu, na juu ya kazi yao ya kuvunja uongo wa rangi. Najua wengine watauliza: mambo ya Philadelphia na Haiti yanatuhusu nini sisi tunaotoka kazini na vumbi puani? Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, maana neno ninalolileta ni moja, nalo ni hili: mtu anayehesabiwa na wengine husemewa na wengine. Mtu anayejihesabu mwenyewe ndiye anayeweza kujibu.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni daftari. Basi niwaambie siri moja ya makarani. Anayeandika majina ndani ya daftari si mkubwa. Mkubwa ni yule aliyechora mistari kabla ya majina kuandikwa. Kama hakuchora mstari wa vumbi la kifua, hakuna mtu atakayeonekana amekufa kwa vumbi. Wote watakuwa wamekufa kwa homa. Kama hakuchora mstari wa bei ya unga, hakuna mtu atakayeonekana ana njaa. Wataandikwa wavivu tu. Daftari linaweza kusema uongo bila karani kuandika hata neno moja la uongo. Wasomi ninaotaka kuwaeleza walilijua jambo hili, wakachora mistari yao wenyewe.

WALIOPIMA VICHWA

Katika miaka ya 1853 mpaka 1855 Mfaransa mmoja mwenye cheo, Arthur de Gobineau, alitoa kitabu kikubwa akisema kwamba wanadamu hawako sawa kwa damu, kwamba weupe wako juu na weusi chini kabisa. Baada yake wakaja madaktari na maprofesa wenye vipimo vya chuma. Walipima mafuvu ya watu, urefu na upana, wakaandika tarakimu, wakasema: tazameni, hesabu imeonyesha.

Msifikiri kwamba mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Mwaka 1884, upande wetu huu wa ziwa Tanganyika, kulikuwa na chifu wa Watabwa jina lake Lusinga. Luteni Mbelgiji Émile Storms, mkubwa wa kituo cha Mpala, alituma watu wake wenye bunduki. Lusinga akauawa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likasafirishwa mpaka Ubelgiji. Huko Brussels daktari Émile Houzé alilipima, na mwaka 1886 akasema habari zake mbele ya chama cha wachunguzi wa watu. Ndivyo elimu ya rangi ilivyoingia katika nchi yetu, ndugu. Haikuuliza mtu swali akiwa hai. Ilimkata kichwa kwanza, kisha ikampima.

Lakini mwaka 1885, katikati ya mambo hayo, mtu mweusi alijibu. Jina lake ni Anténor Firmin, mwana wa Haiti, mwanasheria, aliyezaliwa Cap-Haïtien mwaka 1850. Alikuwa amekaa Paris na mwaka 1884 akakubaliwa kuwa mwanachama katika chama chenyewe cha wapima vichwa, Chama cha Antropolojia cha Paris. Fikirini mtu huyo ameketi kati ya mabwana wenye ndevu, akiwasikia wanasema kwamba watu wa rangi yake hawana akili ya kusoma, naye amekwisha kusoma vitabu vyao vyote. Akaenda nyumbani, akaandika kitabu cha kurasa zaidi ya mia sita juu ya usawa wa jamii zote za wanadamu.

Firmin hakulia wala hakutukana. Alizichukua tarakimu zao wenyewe akazipanga upya, akaonyesha kwamba hazipatani: kwa kipimo hiki watu hawa wanakuwa juu, kwa kipimo kile wanakuwa chini, na wapimaji huchagua kipimo kinachowapendeza. Alisema kwamba tofauti za watu zinatokana na maisha, mafundisho na historia, si na damu. Malipo yake yalikuwa nini? Walimnyamazia. Kitabu hakikujibiwa, na hakikupata tafsiri ya Kiingereza mpaka mwaka 2000, miaka 115 baadaye. Unapokosa la kumjibu mtu mweusi, unafanya kama hukumsikia.

BWANA WA BIMA NA MWALIMU WA HESABU

Sasa twende Marekani. Watumwa wa huko walipata uhuru baada ya vita vya 1861 mpaka 1865. Miaka thelathini baadaye watoto wao walikuwa wamejaa mijini, maskini, wakifanya kazi za chini, na wengi wakifa mapema. Mwaka 1896 mtu mmoja jina lake Frederick Hoffman, mwenye kuhesabu vifo kwa ajili ya kampani kubwa ya bima iitwayo Prudential, alitoa kitabu kilichojaa tarakimu. Alisema: watu weusi wanakufa kwa sababu ya asili ya rangi yao, si kwa sababu ya nyumba wala chakula, kwa hiyo watakwisha. Tazameni faida ya maneno hayo kwa kampani. Kama mtu anakufa kwa damu yake, hakuna wa kulaumiwa, na bima yake inaweza kukataliwa kwa dhamiri safi.

Mmoja wa waliomjibu kwa ukali wa hesabu alikuwa Kelly Miller, mwalimu mweusi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Mwaka 1897 alitoa kijitabu kumfuata Hoffman tarakimu kwa tarakimu. Na msomi mwingine kijana, W. E. B. Du Bois, akaandika mwaka huo huo kwamba katika miji mikubwa ya Ulaya kulikuwa na weupe waliokufa kwa wingi ule ule na kuzidi. Je, hao nao wana asili ya kwisha? Au ni kwamba maskini aliyebanwa katika chumba kibovu hufa, awe mweusi awe mweupe? Hoffman mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Ujerumani. Alikuwa na mifano ya kwao karibu, lakini hakuitafuta.

MLANGO KWA MLANGO

Ndugu, huyu Du Bois ndiye nataka tukae naye zaidi. Alizaliwa mwaka 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington. Alisoma Fisk, kisha Harvard, kisha Berlin, na mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata udaktari wa Harvard. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikamwita aje Philadelphia kuchunguza watu weusi wa mji huo, kwa sababu wakubwa wa mji walisema kwamba kata yao, Kata ya Saba, ndiyo inayoharibu mji kwa wizi na ugonjwa. Alipewa cheo kidogo cha msaidizi na mshahara wa dola 900 kwa mwaka. Biro ndani ya chuo hakupewa. Wanafunzi wa kufundisha hakupewa. Mtu mwenye udaktari wa Harvard!

Hakukataa kazi. Alihamia na mke wake, waliyeoana karibuni, katika Kata ya Saba yenyewe, kati ya kelele na uchafu. Kisha akafanya jambo ambalo maprofesa wa wakati ule hawakulizoea: alikwenda kwa miguu mwenyewe, mlango kwa mlango, na karatasi za maswali mkononi. Wangapi wanalala humu? Umezaliwa wapi? Unafanya kazi gani, na unalipwa kiasi gani? Kodi ya chumba ni ngapi? Nani anajua kusoma? Alifikia nyumba kama 2,500. Katika kata hiyo alihesabu watu weusi 9,675. Wengine walimtilia shaka, wakamwuliza kwa nini anawachunguza kama wanyama. Alivumilia, akaketi, akasikiliza.

Kitabu chake kikatoka mwaka 1899, *The Philadelphia Negro*. Nini alikuta? Alikuta kwamba milango ya kazi nzuri imefungwa. Kijana mweusi aliyesoma ufundi anaambiwa hakuna nafasi, na kesho yake mzungu asiyejua kitu anaandikwa. Vyama vya mafundi weupe vinamkataa. Kisha watu wanasema, tazama, weusi hawana ufundi. Alikuta kwamba maskini mweusi analipa kodi kubwa kwa nyumba mbaya, kwa sababu hawezi kuhama kwenda anakotaka. Basi anaingiza wapangaji wengine ndani apate kulipa, na chumba kinajaa, na kifua kikuu kinapita. Alikuta wezi, ndiyo, hakuwaficha. Lakini alionyesha kwamba wizi una historia: utumwa nyuma, watu waliohama kutoka mashambani wasiojua mji, na kazi zilizofungwa mbele yao.

Tena alieleza habari ya kiwanda kimoja cha chuma cha pua, Midvale. Mkubwa wake aliwaweka weusi na weupe katika gengi moja, kwa mshahara ule ule. Wenzake wakamwita mwenye kichaa. Lakini kazi ilikwenda na chuma kikatoka. Ninyi mlio chini ya mgodi mnaelewa somo hili kuliko profesa yeyote: mwamba hauulizi rangi ya mkono unaoshika drili.

Lazima niseme pia upande mwingine, maana hotuba isiyo na upande wa pili ni kasuku. Du Bois wa miaka ile alikuwa kijana mwenye kola ngumu. Aliwagawa watu wa kata katika madaraja manne, na kwa wale wa chini alikuwa na maneno ya hakimu kuliko ya ndugu. Msomi aliyetoka kwa watu anaweza kuwatazama watu wake kwa macho ya shule iliyomfundisha. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tuna ugonjwa huo huo, na heri tuutaje kwa jina lake.

MWANAMKE ALIYEHESABU MAUTI

Mama zetu walioko hapa wasifikiri kwamba kazi hii ilikuwa ya wanaume tu. Ida B. Wells alizaliwa katika utumwa mwaka 1862, akawa mwalimu na mwenye gazeti huko Memphis. Mwaka 1892 watu watatu, rafiki zake, waliuawa na kundi la wazungu. Kosa lao la kweli lilikuwa duka lao, lililonyang'anya wateja duka la mzungu. Wakati ule magazeti yote yalisema kwamba watu weusi wanauawa na makundi kwa sababu wanawashambulia wanawake wa kizungu. Wells aliamua kuhesabu. Na hakuchukua hesabu ya watu weusi, ili asiambiwe amedanganya. Alichukua orodha zilizochapwa na gazeti la wazungu wenyewe, *Chicago Tribune*. Akaonyesha kwamba waliosingiziwa kosa hilo hawakufika hata theluthi moja ya waliouawa. Wengine walikufa kwa ugomvi wa deni, kwa kujibu, kwa bure kabisa. Gazeti lake likavunjwa alipokuwa safarini, naye akaambiwa asirudi Memphis. Mwaka 1895 alitoa kitabu cha hesabu hizo.

Shikeni akili yake, ndugu. Tarakimu ya adui, ukiisoma vizuri, inaweza kuwa shahidi wako.

TERVUREN NA PARIS

Kutoka 1897 Du Bois alifundisha Atlanta, katika chuo cha watu weusi chenye fedha kidogo. Huko aliongoza uchunguzi wa kila mwaka: mwaka mmoja biashara za watu weusi, mwaka mwingine mafundi, mwaka mwingine makanisa, mwaka 1906 afya na mwili. Wanafunzi, walimu wa vijijini na wazee wa makanisa walimletea habari. Hapo ndipo watu weusi wa Marekani walipoanza kujiandikia daftari lao wenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Nataka mweke mambo mawili kando kwa kando. Mwaka 1897 mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho huko Tervuren, karibu na Brussels. Wakongo 267 waliletwa, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vya kuigiza, wazungu wakapita kuwatazama. Saba wakafa kule, wakazikwa kule. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, Du Bois na wanafunzi wake walileta michoro kama 60 iliyopakwa rangi kwa mkono: ardhi kiasi gani watu weusi wa Georgia wamenunua, wangapi wanajua kusoma, wanafanya kazi gani. Walileta na picha za familia zilizovaa vizuri, za maduka, za shule. Mwenyewe alisafiri chini kabisa ya meli, kwa sababu fedha hazikutosha. Akapewa nishani ya dhahabu. Tervuren mtu mweusi alikuwa kitu cha kutazamwa. Paris alikuwa yeye anayeonyesha. Ni ulimwengu ule ule na wakati ule ule. Tofauti ni nani ameshika kalamu.

Mwaka 1906 Du Bois alimwalika Franz Boas, profesa mzungu mwenye moyo wa kweli, aseme na wanafunzi wa Atlanta. Boas akawaeleza kwamba Waafrika walijua kuyeyusha chuma zamani sana, wakawa na falme na masoko na ufundi. Du Bois aliandika baadaye kwamba alishangaa kupita kiasi, maana katika shule zote kubwa alizosoma hakuna aliyewahi kumwambia. Sisi wa Katanga tusicheke. Babu zetu waliyeyusha shaba ya nchi hii na kuifanya misalaba iliyotumika kama fedha, kabla kampani yoyote haijaweka alama ya mpaka juu ya vilima. Wangapi kati yetu tulifundishwa hayo darasani?

WALIOKUJA KWETU

Wengine wa wasomi hao walifika kwetu kwa miguu yao. George Washington Williams alikuwa askari wa vita vya kuondoa utumwa, kisha mchungaji, mwanasheria na mwandishi wa historia kubwa ya watu weusi wa Marekani. Mwaka 1890 alipanda mto Kongo, akiuliza maswali njiani na kuandika majibu. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa Stanley Falls, yaani Kisangani yetu, alimwandikia Leopold barua ya wazi. Alitaja makosa moja moja: mapatano ya ardhi yaliyopatikana kwa hila, watu katika minyororo, vijiji vilivyochomwa, nyumba za wagonjwa zisizostahili kuitwa hospitali. Mwaka uliofuata akafa Uingereza, hajafika miaka 42. Barua yake ilitangulia kelele za dunia kwa miaka zaidi ya kumi.

Na Kasai alikuwako William Sheppard, mmisionari mweusi kutoka Virginia. Mwaka 1899 alipelekwa kutazama mambo ya mashambulio, akaingia katika kambi ya wapiganaji wa serikali, akakuta mikono ya watu iliyokatwa ikikaushwa juu ya moto. Je, alifanya nini? Aliihesabu. Mikono ya kuume 81. Angesema tu "mingi", wangesema ametia chumvi. Tarakimu hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 1909 kampani ya mpira ilimshtaki kwa maandiko yake, mahakama ikamwachilia.

KIMYA, NA MALIPO YA KIMYA

Sasa mtauliza: kama walifanya kazi kubwa hivyo, mbona shuleni hatukusikia majina yao? Jibu ni kwamba wenye vyuo vikubwa walichukua elimu wakaacha majina. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba elimu ya jamii ya mijini, inayoitwa sosiolojia, ilizaliwa Chicago, mikononi mwa maprofesa weupe. Mkubwa mmoja wao alikuwa Robert Park. Tena Park huyo, kabla ya kuwa profesa, alikuwa katibu wa chama cha Marekani cha kupinga maovu ya Leopold katika Kongo, kisha akafanya kazi karibu miaka saba chini ya Booker T. Washington, mkubwa mweusi wa shule ya Tuskegee. Maana yake alijifunza mengi kwa watu weusi. Lakini historia iliandikwa kama kwamba mwanzo ni yeye. Mwaka 2015 profesa mweusi Aldon Morris alitoa kitabu kizima akionyesha kwamba shule ya Du Bois pale Atlanta ilitangulia. Na chuo cha Pennsylvania, kilichomnyima Du Bois hata biro, kilimpa heshima ya uprofesa mwaka 2012, naye amekwisha kuwa kaburini miaka 49.

Lakini tarakimu peke yake haitoshi, na Du Bois alilijua hilo kwa uchungu. Mwezi wa Aprili 1899 mtu mweusi jina lake Sam Hose aliuawa kwa moto na kundi la watu karibu na Atlanta. Du Bois alikuwa amechukua barua ya hoja za upole kupeleka kwa gazeti. Njiani akaambiwa kwamba vifundo vya vidole vya yule mtu vimewekwa dukani kuonyeshwa. Akageuka, akarudi nyumbani. Alisema baadaye kwamba mtu hawezi kuwa mchunguzi mtulivu tu wakati wenzake wanauawa hivyo. Tangu hapo alichanganya daftari na chama, kalamu na mkutano.

WALIOFUATA

Waliokuja nyuma yao nitawataja upesi. Charles Johnson alichunguza ghasia za Chicago za 1919, zilizoua watu 38, akaonyesha jinsi nyumba na kazi zilivyowasha moto ule. Oliver Cox, mzaliwa wa Trinidad, aliandika mwaka 1948 kwamba chuki ya rangi haikuanza na dunia; ilikua pamoja na biashara kubwa iliyotaka mikono ya bei rahisi. Mtu wa mgodi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Franklin Frazier akawa mwaka 1948 rais mweusi wa kwanza wa chama cha wanasosiolojia wa Marekani. Ndiye aliyeongoza wataalamu waliotayarisha tamko la UNESCO la 1950, lililosema kwamba hakuna ushahidi wa elimu unaoonyesha rangi moja imezaliwa na akili kuliko nyingine. Mwaka 1955 alitoa kwa Kifaransa kitabu kinachowachoma weusi wenye mali kidogo wanaoiga wazungu na kuwakimbia ndugu zao. Miaka hiyo hiyo kwetu watu waligombea kadi ya ustahili, iliyoanzishwa 1948, ili waitwe waliostaarabika. Sisi makarani tukisome kitabu hicho tumekaa.

Kenneth Clark na mkewe Mamie waliwapa watoto wadogo weusi wanasesere, weupe na weusi, wakawauliza yupi ni mzuri. Wengi wakaonyesha mweupe. Tarehe 17 Mei 1954 mahakama kuu ya Marekani ilipokataza shule za ubaguzi, ilitaja maandiko ya Clark, na ya Frazier pia. Hesabu iliyoanza kwa kugonga milango ilikuwa imefika mezani pa majaji.

Na mwezi wa Desemba 1958, katika mkutano wa watu wa Afrika yote huko Accra, hotuba ya mzee Du Bois ilisomwa na mkewe Shirley Graham, kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa. Katika mkutano huo huo alikuwako Patrice Lumumba. Tarehe 27 Agosti 1963 mzee alikufa Accra, katika nchi huru ya Ghana, akiwa na miaka 95, bado anatengeneza kamusi kubwa ya mambo ya Afrika.

NA SISI?

Sasa nafika nyumbani. Ndugu, uongo wa damu haukukwisha wazungu walipoondoka. Tuliurithi pamoja na maofisi na magari. Katika miji yetu hii mmesikia, na wengine tumesema kwa midomo yetu: kabila lile limezaliwa kwa kalamu, kabila hili limezaliwa kwa sururu, hawa ni wezi kwa asili, wale ni wavivu kwa asili. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Waliosongamana katika stesheni za reli wakingoja treni, watoto wao wakafa. Nani aliyesimama wakati ule na daftari akauliza: shule ziliwekwa wapi na zilikosekana wapi? Nani aliandikwa kazi na mkoloni na kwa sababu gani? Bei ya unga ilipanda lini, na kazi zilipungua lini? Hoffman alisema "damu" ili mtu asitazame nyumba. Nasi tukisema "kabila" tunafunika macho kwa kitambaa kile kile.

Tena tazameni: hesabu kubwa ya watu wa Kongo yote ilifanywa mwaka 1984. Watoto waliohesabiwa wakinyonya siku ile ni watu wazima wenye watoto. Nchi isiyojihesabu itahesabiwa na wenye kuinunua.

Ndiyo maana naleta shauri kwa chama, na ninaomba lijadiliwe leo kabla hatujatawanyika. Kila kata na kila kambi ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua kuandika na wanaoaminiwa kutunza siri za nyumba za watu. Wapewe daftari moja. Waende mlango kwa mlango, waulize kwa adabu: wangapi mnalala humu? Maji mnachota wapi? Nani anakohoa, na amefanya kazi miaka mingapi chini ya mgodi? Mshahara unafika siku gani, na unga ni bei gani siku hiyo? Mtoto yupi hayuko shuleni, na kwa nini? Mstari wa kabila usichorwe katika daftari hilo. Ichorwe mistari ya maji, ya kifua, ya unga na ya shule.

Kwa siku za kwanza watu watawatilia shaka, kama walivyomtilia Du Bois. Mketi, msikilize. Mwandike ukweli hata ukiwa mchungu kwetu wenyewe, maana daftari la kujisifu halina kazi. Kisha tukiitwa mbele ya wakubwa wa kampani au wa serikali, hatutakwenda na kelele tu. Watu wa zamani walisema: adhabu ya kaburi aijua maiti. Ni kweli. Lakini maiti haandiki barua. Sisi tungali hai, na kalamu tunazo.

Chama kitawapa madaftari. Watakaojitolea waje mezani kwa katibu waandike majina.

Uhuru, ndugu.